Mashine Zilizosubiri Kuamkiwa

Msihangaike na ramani. Jamhuri ya Ridhaa haimo humo, na waliowahi kufika huko hawapendi kusema walipitia wapi. Tunachojua ni kwamba ni nchi ya watu wapole, wenye serikali inayowapenda sana, na kwamba katika mwaka wa kumi na mbili wa Uongozi Usiochoka ilipata kompyuta mbili.

Ya kwanza ilitolewa na taifa rafiki la Kaskazini, ikapewa Wizara ya Afya na jina la Tumaini. Ya pili ilitolewa na taifa rafiki la Mashariki, ambalo halikuwa rafiki wa lile la kwanza, ikapewa Wizara ya Kilimo na jina la Ushindi. Kila moja ilikuwa kubwa kama makabati matatu ya nguo, ikajengewa jumba lake lenye kiyoyozi, kitu ambacho hospitali kuu ilikuwa bado inakisubiri. Majumba hayo yalitazamana, barabara katikati. Nyaya zilitoka kila jumba hadi ofisi za wilaya, ambako makarani walichapa habari zao mbele ya vioo, na habari zikasafiri hadi tumboni mwa mashine. Serikali ikatangaza kwamba sasa ujuzi wote wa taifa utakaa mahali pamoja, na kila mtafiti atauchota apendavyo. Mahali pamoja palikuwa pawili, lakini jambo hilo halikutajwa siku ya uzinduzi kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha.

Siku hiyohiyo karatasi ilizikwa. Rima moja nyeupe ilivishwa bendera, ikasomewa wasifu wake, ikashushwa kaburini katika Uwanja wa Maendeleo, na Rais akamwaga udongo wa kwanza huku akifuta macho. Bunge likapitisha Sheria ya Kuaga Karatasi. Tangu hapo takwimu za wizara moja zingekwenda wizara nyingine kwa mtandao tu. Kuzipeleka kwa karatasi lilikuwa kosa la kulirudisha taifa nyuma, kifungo miaka mitano. Kuzitaja kwa mdomo ulikuwa uzushi, miaka saba, maana mdomo ni wa zamani kuliko karatasi.

Watu wa Ridhaa walipiga makofi. Aliyepiga kwa moyo wote alikuwa Daktari Sikitu Mbelwa, mtafiti wa maradhi katika Wizara ya Afya. Mwanamke huyu alikuwa ametumia ujana wake katika vyumba vya mafaili, akipekua kumbukumbu zilizotafunwa na panya, akitafuta nani aliugua nini na wapi. Aliposikia kwamba sasa atauliza tu na kujibiwa, alirudi nyumbani akiimba. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na bado alikuwa anaamini anayoambiwa.

*

Mwaka wa pili wa Tumaini, namba mbaya zikaanza kuja kutoka Bonde la Ngwenzi.

Mtoto alilala mzima, akaamka miguu imekaza. Hakuwa na homa, hakulalamika maumivu, akili ilikuwa timamu, ila alipojaribu kusimama alisimama kwa vidole, magoti yakigongana. Wengine walitembea hivyo kwa fimbo. Wengine hawakusimama tena. Kwanza walikuwa sita. Kiangazi kimoja kilipopita wakawa arobaini na watatu, na mama zao kumi pamoja nao.

Sikitu aliiuliza Tumaini, na Tumaini ikamwambia yote iliyokuwa nayo: majina, umri, vijiji, na visima ambavyo Wizara ya Afya ilikuwa imechimba. Haikujua wanakula nini. Haikujua wamepanda nini, mbegu zimetoka wapi, wala mvua ilikatika lini. Hayo yalikuwa ya Kilimo, na Kilimo waliyahifadhi ndani ya Ushindi, ng'ambo ya barabara.

Bonde la Ngwenzi lilikuwa kwao. Mdogo wake, Nyamizi, alikuwa bado anaishi huko, mjane mwenye binti mmoja wa miaka saba aitwaye Siwema. Kila Sikitu alipofungua orodha mpya aliisoma kuanzia chini, upande wa herufi ya S, huku kiganja kimefunika majina mengine. Siwema hakuwemo. Ndipo akapumua na kuanza kuhesabu watoto wa wenzake.

Akavuka barabara. Mkuu wa takwimu za Kilimo alikuwa Bwana Tindwa, mzee mpole aliyebakiza miaka mitatu astaafu, mwenye kikohozi na adabu nyingi. Alimkaribisha chai. Walikuwa wawili, lakini vikombe vilikuwa vitatu, maana kikao chochote cha wizara mbili kilihudhuriwa na Msikilizaji kutoka Idara ya Uzushi, kijana msafi mwenye kalamu.

"Bwana Tindwa, naomba kujua habari za kilimo za Ngwenzi," alisema Sikitu.

"Daktari, ningependa sana. Kwa mtandao, lakini."

"Mtandao wenu na wetu haujaungana."

"Hata mimi nimesikia hivyo. Ongeza sukari, Daktari."

Basi wakanywa chai. Sikitu hakuweza kusema ni ugonjwa gani na umepata watu wangapi, kwa kuwa hizo zilikuwa takwimu za Afya. Tindwa hakuweza kusema Ngwenzi wamepanda nini, kwa kuwa hizo zilikuwa takwimu za Kilimo. Waliongea habari za magoti ya Tindwa, na joto, na wajukuu. Tangu hapo Sikitu alikwenda kila Alhamisi, akitumaini siku moja Msikilizaji ataugua. Kijana alikuwa na afya ya kupigiwa mfano.

Kwa kuwa Tumaini ilimpa habari za visima tu, Sikitu akashuku visima. Aliandika barua kwa mdogo wake, na barua za ndugu kwa ndugu zilikuwa bado ruhusa. "Mdogo wangu, maji ya kisima kile cha serikali msiyanywe wala msipikie. Chota mtoni, uchemshe, hata kama ni mbali. Nakuomba, fanya hivyo kwa ajili ya Siwema." Nyamizi akajibu kwamba mto uko mwendo wa saa mbili na jua ni kali, lakini kwa kuwa dada ndiye msomi wa ukoo, atafanya.

*

Aliyepewa kazi ya kuunganisha mashine mbili alikuwa fundi Kitogo, mtu mfupi mwenye makovu ya kuchomelea mikononi, ambaye hakuwahi kusoma ng'ambo na kwa hiyo hakuruhusiwa kukaa kwenye kiti wakati wa mikutano. Msimamizi wake alikuwa Mheshimiwa Gwalema, Kamishna wa Maelewano ya Mashine. Cheo hicho kilianzishwa siku ilipogunduliwa kwamba mashine hazielewani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa plagi. Waya wa Tumaini ulikuwa na meno ishirini na tano, na tundu la Ushindi lilikuwa na nafasi ya meno tisa. Mheshimiwa Gwalema alitoa hotuba ya saa moja juu ya meno. Kitogo alichukua kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, akakitoboa, akachomelea nyaya huku na huku, na baada ya miezi miwili ya kungoja kibali cha kutumia kifuniko hicho, plagi ikaingia.

Kikwazo cha pili kilikuwa herufi. Kwa Tumaini, herufi A ilihesabiwa kuwa mia na tisini na tatu. Kwa Ushindi, herufi hiyohiyo ilikuwa sitini na tano. Neno lililoruhusiwa kwa majaribio lilikuwa moja tu, "Ridhaa", na kila lilipotoka upande wa Afya lilifika upande wa Kilimo likiwa mikwaju, nyota na alama ya kuuliza. Kamishna aliona alama ya kuuliza karibu na jina la nchi, akaamuru jaribio lisirudiwe. Sikitu na Kitogo wakakaa wiki tatu, wakapanga herufi moja moja, hii huku ni ipi kule, mpaka "Ridhaa" ikavuka barabara na kufika ikiwa "Ridhaa". Siku hiyo Sikitu alimshika Kitogo mikono yote miwili, na Kitogo akaona haya akatazama chini.

Kifuniko cha kopo kilifungiwa kwenye kabati la Kamishna, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Kilichobaki ilikuwa idhini yake. Akaitisha mkutano.

"Nyaya zimeungana?" aliuliza.

"Zimeungana, mheshimiwa," alijibu Kitogo akiwa amesimama.

"Herufi zinaelewana?"

"Zinaelewana."

"Sasa kinafuata nini?"

"Moja inaita, mheshimiwa, nyingine inaitika, halafu habari zinapita. Ni kama watu kuamkiana tu."

Hapo ndipo Kitogo alipoharibu. Alikuwa fundi hodari, na kosa lake lilikuwa kujaribu kueleweka.

"Kuamkiana," alisema Mheshimiwa Gwalema taratibu, akiweka kalamu mezani. "Na ipi itaanza?"

"Yoyote, mheshimiwa. Haina tofauti."

"Haina tofauti? Fundi, wewe umelelewa wapi? Mkubwa amwamkie mdogo, na wewe useme haina tofauti?"

"Mheshimiwa, ni mashine."

"Ni mashine za Ridhaa!"

Wajumbe wakapiga meza. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba taifa lenye heshima haliwezi kuruhusu mitambo yake kukosa adabu mbele ya wananchi, na kwamba mashine iliyo ndogo kwa umri ndiyo itakayotoa shikamoo, na iliyo kubwa itaitika marahaba, ndipo habari zipite.

*

Waziri wa Afya alisema Tumaini ndiye mkubwa. Ilishuka bandarini mwezi wa tatu, na Ushindi ilipokuja mwezi wa sita iliikuta Tumaini imeshakaa na imeshaanza kutumia umeme wa nchi. Waziri wa Kilimo alisema kushuka bandarini si kuzaliwa, kama ni hivyo mabaharia wote ni watoto wachanga, na kwamba Ushindi ina sauti nzito zaidi inapowashwa. Maneno yakawa makali. Kila waziri akaamuru mashine yake ipangwe kuitika tu, isianze kamwe. Ikawa hivyo. Mashine mbili zikatazamana ng'ambo ya barabara, zimewashwa, zimepoa kwa kiyoyozi, kila moja ikisubiri kuamkiwa.

Rais, kwa busara zake, akaunda Tume ya Umri wa Mashine, wajumbe kumi na mmoja, iende Kaskazini na Mashariki kutafuta vyeti vya kuzaliwa.

Kabla Tume haijasafiri, Sikitu aliomba kusikilizwa. Alipewa dakika tano.

"Waheshimiwa," alisema, "tangu tuanze kuzungumzia jambo hili, watoto mia mbili na kumi..."

Msikilizaji akakohoa.

"Futa hiyo namba," alisema mwenyekiti. "Daktari, hapa ni mdomo. Endelea bila namba."

"Watoto wengi, waheshimiwa."

Mjumbe mmoja akauliza kama neno "wengi" si takwimu. Hoja ikajadiliwa dakika arobaini, kwa utulivu na kwa kuheshimiana, na ikaamuliwa kwamba "wengi" ni takwimu lakini "baadhi" si takwimu. Muda wa Daktari ukawa umekwisha. Kumbukumbu za kikao hicho zinasema: "Daktari Mbelwa aliieleza Tume kwamba baadhi ya watoto wapo."

Tume ilikaa nje miezi kumi na minne. Ilituma picha, wajumbe wakiwa wamevaa makoti manene katikati ya theluji, na magazeti ya Ridhaa yakazichapa ukurasa wa mbele kwa maneno ya fahari. Wakati huo Ngwenzi hakukunyesha. Namba zilizoingia ndani ya Tumaini zilipita mia tatu, kisha mia nne. Sikitu alizisoma kila asubuhi kuanzia herufi ya S. Alikonda. Wenzake walimwambia apumzike, na yeye aliwajibu vizuri, akarudi kwenye kioo.

Tume ikarudi na matokeo. Mashine zote mbili zilitengenezwa mwaka mmoja, mwezi mmoja, na tarehe haikuandikwa popote.

"Basi ni pacha!" alisema Mheshimiwa Gwalema, na nchi nzima ikafurahi, watu wakapeana mikono barabarani. Furaha hiyo ilidumu mpaka mtu fulani bungeni alipouliza ipi Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, na ipi Doto. Miezi mitano ikapita humo.

Katika miezi hiyo ikaja barua ya Nyamizi. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa darasa la saba, mkubwa na wa wima. "Dada, tunamshukuru Mungu. Maji tunachota mtoni kama ulivyosema, kisima hatukigusi. Njaa ipo lakini muhogo wa serikali unastahimili jua, tunakula huo. Siwema tangu Jumapili anatembea kwa vidole. Nikamwambia aache mchezo, akasema mama si mchezo."

Sikitu aliikunja barua ile, akavuka barabara ingawa haikuwa Alhamisi. Bwana Tindwa alipomwona akasimama. Msikilizaji akavuta kiti chake.

"Daktari, kuna nini?"

"Mtoto wa mdogo wangu anaumwa."

"Pole sana. Anaumwa nini?"

Sikitu akamtazama Msikilizaji. Kijana alikuwa ameshainua kalamu. "Mmoja ni namba," alisema Msikilizaji kwa upole, kama mtu anayemtahadharisha mgeni juu ya kizingiti.

Miaka saba ya kifungo ni mingi, na Sikitu aliogopa. Tuseme hivyo bila kumfichia, maana yeye mwenyewe baadaye hakujificha. Angeweza kusema neno moja, miguu, na mzee aliyeketi mbele yake angelielewa. Hakusema. Tindwa naye aliogopa, akamwongezea chai mpaka nyingine ikamwagikia sahani. Sikitu akainywa yote akalia, na wale wanaume wawili wakatazama dirishani.

*

Mwishowe Rais akaamua mwenyewe. Kwa kuwa pacha wameshindwa kujua mkubwa, ingenunuliwa mashine ya tatu, kubwa kuliko zote mbili kwa umri, na wote wawili wataiamkia. Ikaitwa Bibi. Ilitoka taifa rafiki la Kusini, ilikuwa imeshatumika huko miaka ishirini, na plagi yake ilikuwa ya duara.

Bibi haikuwaka. Fundi Kitogo aliifungua akakuta ndani kuna kiota cha nyuki waliokufa na taa moja nyekundu nzima. Aliitia umeme ile taa. Halafu, siku moja kabla ya sherehe, Kamishna alipompa ufunguo wa kabati ili akatoe vitambaa vya kupambia meza, Kitogo alitoa na kile kifuniko cha kopo, akakifunga nyuma ya Bibi mahali ambapo mgeni rasmi hangefika, Tumaini upande mmoja na Ushindi upande wa pili. Akazipanga zote mbili zianze kuita kwa wakati mmoja, na zote mbili ziitike.

Sherehe zilihudhuriwa na mabalozi. Mheshimiwa Gwalema alisema leo mitambo imewafundisha binadamu adabu. Rais akabonyeza kitufe. Kwenye kioo cha Tumaini yakatokea maneno SHIKAMOO BIBI, kwenye kioo cha Ushindi yakatokea maneno SHIKAMOO BIBI, taa nyekundu ikawaka, bendi ikapiga, na watu wazima wakalia kwa fahari. Kitogo alipewa cheti kwa kupanga viti.

Huku nyuma, habari zilizosubiri zaidi ya miaka miwili na nusu zilivuka barabara kwa dakika arobaini.

Sikitu hakuwa kwenye sherehe. Alikuwa peke yake mbele ya kioo katika jumba la Afya, akisikia bendi kwa mbali. Orodha ya Kilimo ilianza kushuka mbele ya macho yake. Ngwenzi: mbegu mpya ya muhogo, jina lake Neema, iligawiwa na serikali katika vijiji thelathini na viwili. Akaweka orodha yake ya wagonjwa kando ya ile. Vijiji vyake vilikuwa thelathini na viwili. Havikupishana hata kimoja.

Chini ya orodha kulikuwa na maelezo ya maabara, yamewekwa mwaka wa kwanza wa Ushindi, kabla mtoto wa kwanza hajaumwa.

"Neema inastahimili ukame na inazaa sana. Ni chungu na ina sumu nyingi kuliko muhogo wa kienyeji, na ukame huizidisha. Watu wa Ngwenzi wamezoea kuloweka siku mbili. Hii isilowekwe chini ya siku nne, kwa maji mengi, iloane yote, ndipo ianikwe na kutwangwa. Isipofanywa hivyo naihofia miguu ya watoto. Naomba ujumbe huu upelekwe Wizara ya Afya kwa mtandao. Ni haraka. Tindwa."

Aliusoma mara tatu. Kwa maji mengi, mzee alikuwa ameandika. Halafu akakumbuka barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, mto ulio mwendo wa saa mbili, na ndoo moja kichwani. Alijua bila kuuliza mtu kwamba mwanamke anayechota maji mbali namna hiyo hawezi kuyamwaga kwenye muhogo. Alitoa sauti ambayo mlinzi wa mlangoni aliisikia, akaja akidhani kifaa kimeanguka.

Alipeleka ripoti kwa Kamishna jioni hiyo. Mheshimiwa Gwalema alimpongeza sana, akasema matunda haya ya Bibi yatatangazwa kwenye maadhimisho ya mwaka mmoja, hotuba ikishaandaliwa. Sikitu akamwambia ahsante. Asubuhi akapanda lori la chumvi kwenda Ngwenzi. Kila kijiji lori liliposimama alishuka akawaita kina mama, akawaambia kwa mdomo wake, kwa namba na kwa sauti, siku ngapi, maji kiasi gani, na watoto wangapi. Hiyo ilikuwa miaka saba kwa kila kijiji, na alikuwa ameacha kujumlisha.

*

Nyamizi alimpokea kwa furaha. Alikuwa amezeeka. Sikitu hakutaka hata kukaa.

"Mdogo wangu, muhogo unauloweka siku ngapi?"

"Zamani mbili. Siku hizi moja, dada, au nusu. Maji yenyewe haya ya kutafuta, na wewe ulisema tusiguse kisima." Akamtazama usoni. "Kwani vipi? Tulifanya yote uliyotuagiza."

"Najua. Kisima hakikuwa na kitu, Nyamizi. Maji yake yalikuwa mazima. Ni muhogo. Mimi ndiye niliyekuagiza vibaya."

Nyamizi hakupiga kelele. Aliketi chini mlangoni, akichora vumbi kwa kidole. Aliponyanyuka alichukua ndoo mbili, moja akampa dada yake. Walikwenda kisimani mara nyingi siku ile. Unga wote uliokuwamo ndani waliumwaga shimoni, wakaloweka muhogo upya kwenye mapipa, na siku zote za kungoja nyumba nzima ilikula mikate mikavu ambayo Sikitu alikuja nayo. Kisha wakauanika, jua likaukausha, Nyamizi akautwanga na kuusonga.

Walikula mchana, mezani hapakuwa na kitu kingine ila mlenda. Siwema, sasa miaka tisa na kitu, alikula sana. Alikuwa na fimbo mbili alizochongewa na jirani, ameziegemeza ukutani kwa mpangilio mzuri. Nyamizi alipotoka kuosha sufuria, mtoto akamsogelea mama yake mkubwa.

"Mama mkubwa, huu si ndio ule mzuri?"

"Ndiyo, mwanangu. Huu hauna sumu."

"Kwa hiyo sasa nitapona lini?"

Sikitu alikuwa amesikia majibu ya maswali ya namna hiyo kwa miaka miwili na nusu. Aliyajua yote: jambo linashughulikiwa, vuta subira, wakati ukifika. Alimshika mtoto magoti, yakiwa yamekaza kama alivyojua yatakavyokuwa.

"Hutapona, Siwema. Haitazidi, lakini haitapona."

Siwema akafikiri. Nje walimsikia Nyamizi akisugua sufuria kwa mchanga, na alikuwa anaimba kidogo, jambo ambalo hakulifanya tangu dada yake afike.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Usimwambie leo," alisema Siwema. "Leo amefurahi kupika."